Shimo Lisilokuwa na Marehemu

Nerima alizaliwa Bulumbi, upande wa Busia, akaolewa Mulanda, na tangu siku alipofika na sanduku lake la bati hajawahi kukaa bila wasiwasi. Si ule wasiwasi wa kujilaza kitandani na kufunga kitambaa kichwani. Wake ni wasiwasi wa kufanya kazi. Mawingu yakikusanyika anahofia mvua ya mawe, yakitawanyika anahofia jua. Binti yake Sandra, anayeuza mitumba pale mpakani Busia, asipopiga simu asubuhi, mama ameshaamua kwamba lori limemkanyaga. Akipiga, mama anauliza, "Mbona mapema hivi, kuna nini?"

Kitu kimoja tu kilikuwa kikimtuliza, nacho ni shamba la chini, lile linalopakana na kijito.

Udongo wa pale ni wa kipekee. Si mchanga na si mfinyanzi, ni ule wa katikati, laini, ambao kijito kimekuwa kikiuacha kila kinapofurika tangu enzi ambazo hakuna mtu wa kuzisimulia. Ukiushika mkavu ni kama unga uliochekechwa. Ukiulowesha na kuufinya, unapokea alama za vidole vyako vyote kwa utii mkubwa. Lakini jaribu kuuviringisha uwe kamba, kama wafanyavyo wafinyanzi wa vyungu, utakukatikia mkononi. Nerima alipokuwa bado bibi harusi alishangaa. Baadaye akatambua kwamba kitu cha namna hiyo ameshakiona: mume wake.

Maana Oketcho ni mtu mwema kabisa. Analinda duka la vifaa vya ujenzi huko Tororo mjini, chini ya lile jiwe kubwa la mji, na hana ugomvi na kiumbe. Yeyote anayemfinya mwisho ndiye anayemwachia alama. Shida ni kwamba anafinywa na wengi.

Udongo huo una tabia nyingine. Mvua kubwa ikiupiga kisha jua likaja haraka, unajifunga ngozi ngumu juu, na mche wa ufuta ulio chini unasukuma kwa shingo mpaka shingo inapinda. Kwa hiyo kila baada ya mvua Nerima alishuka na tawi la miiba, akalikokota shambani taratibu kuivunja ile ngozi. Wanawake wa Mulanda walimwonea huruma sana. Walisema mke wa Oketcho, maskini, hana mtoto mdogo wa kusuka, ndiyo maana anachana nywele za shamba.

Sasa, katika familia hiyo Mungu aliweka pia Ochwo, kaka mkubwa wa Oketcho. Ochwo ni mwenyekiti wa chama cha mazishi cha ukoo, na inaaminika, hasa na yeye mwenyewe, kwamba bila yeye wafu wa Mulanda wangepotea njia. Anajua nani akae upande gani wa jeneza, nani alie kwanza, na ini la mnyama linakwenda kwa nani. Kwa bahati, ini daima linakwenda kwa mwenyekiti.

Hukumu zake zinakumbukwa. Kijana wa mzee Olweny alikwenda kutafuta kazi ng'ambo, akanyamaza miaka, mpaka familia ikakata tamaa ikazika shina la mgomba badala yake, kama ilivyo desturi mwili usipopatikana. Miaka ilipita, Olweny akataka kulima karanga juu ya pale mahali. Ochwo aliinuka kwenye kikao na kutetemeka kwa hasira takatifu. "Mgomba uliozikwa kwa machozi na kwa chakula ni mtu!" alisema. "Kaburi ni kaburi. Jembe halipiti hapo, wala karibu yake." Olweny alitozwa mbuzi. Ini lilikwenda kunakohusika.

Ochwo huyo alikuwa na nyumba mpya ambayo kwa muda mrefu ilikuwa imekwama usawa wa madirisha, ikisubiri matofali. Akaja mfyatua matofali mmoja, Ekwaro, mtu wa kabila la Wateso mwenye mabega mapana na maneno machache, akamwambia kwamba bonde la kijito lile lina udongo unaofaa ukichimbwa vizuri. Wakakubaliana. Ekwaro achimbe shamba la chini, afyatue, achome, na sehemu ya matofali imalizie nyumba ya mwenyekiti. Kwamba shamba lilikuwa fungu la Oketcho kutoka kwa baba yao, hilo lilikuwa jambo dogo la kurekebishwa kwa simu.

Nerima alisikia habari hizo kisimani, kama mke anavyopaswa kusikia mambo ya shamba lake. Alipanda juu kwa Ochwo mtungi ungali kichwani.

"Shemeji, nasikia tunachimbwa."

"Mama Sandra, karibu ukae. Si kuchimbwa. Ni maendeleo."

"Na mimi nitapanda wapi ulezi?"

"Utabaki na shimo zuri, maji yatajaa, utafuga samaki. Nyinyi watu wa Busia si mnapenda samaki?"

"Bulumbi tunalima, shemeji. Samaki tunanunua kama wewe."

"Basi sasa hutanunua," alisema Ochwo, akafurahi kwamba amelimaliza.

Jioni hiyo Nerima alimpigia Oketcho. "Baba Sandra, umekubali shamba lichimbwe?"

"Kaka alisema ni kidogo tu, pembeni."

"Ni lote."

"Lote? Hapana, lote hapana. Wewe ukisema ni shamba, ni shamba."

"Basi mwambie hivyo."

"Nitamwambia," alisema Oketcho, na kwa kweli alimpigia kaka yake palepale. Kufikia asubuhi alikuwa amekubali tena lote.

Ekwaro alisema ataleta vijana wake na vibao vya kufyatulia mara tu ukame ukianza kushika. Kwa hiyo Nerima alikuwa anaitazama mbingu kwa hofu mpya kabisa. Maisha yake yote alikuwa akiomba mawingu kwa ajili ya mbegu. Sasa aliyaomba yamzuie mtu.

Ndipo akaja Joan.

Joan alikuwa binti wa Tororo mwenye buti za mpira na kofia pana, kutoka kwenye mradi mmoja uliokuwa ukizunguka vijijini kuandika habari za udongo. Alikuwa na adabu, jambo lililomtia Nerima mashaka mara moja.

"Mama, tungeomba kuchimba shimo moja shambani kwako, tuone udongo ulivyolala ndani, tabaka kwa tabaka. Tukimaliza tunafukia."

"Na mkiona, mtasema nini?"

"Tutasema unafaa kwa nini."

Nerima alifikiri haraka. Mtu aliyesoma akisema shamba linafaa kwa ulezi na ufuta, pengine Ochwo ataaibika. Ni kweli hakuna aliyewahi kumwona Ochwo akiaibika, lakini kuna siku ya kwanza kwa kila kitu. "Chimbeni," alisema.

Wachimbaji wa Joan walikuwa hodari kupita kiasi. Walipima kwa kamba, wakachimba shimo refu la pembe nne, kuta zimenyooka, upande mmoja umekwanguliwa kwa kisu mpaka unang'aa. Udongo waliutenga juu ya maturubai, mweusi huku, wa njano kule, wa kijivu kule mwisho. Kazi safi. Nerima alirudi nyuma hatua moja kutoka ukingoni, kwa sababu alishaona mashimo ya umbo hilo, na yote yalikuwa yamechimbwa kwa shughuli moja tu.

"Binti yangu," alisema, "hamwezi kulichimba duara?"

"Duara hatuoni ukuta vizuri, mama. Njoo ushuke uone."

"Nitaonea hapa hapa."

Joan alishuka peke yake, akaanza kueleza huku akigusa ukuta kama mganga anayegusa mgongo wa mgonjwa. "Huu wa juu, mweusi kidogo, ni chakula. Majani yaliyooza, samadi, mizizi. Umefika kiasi cha shubiri, si mbaya. Hapa chini yake, sikia." Alichoma kisu, kikagoma. "Gumu. Tabaka hili limetengenezwa na jembe. Kila mwaka jembe linafika hapo hapo, linashindilia hapo hapo. Mizizi ikifika inageuka kando, kama mtu aliyekuta mlango umefungwa."

"Kumbe ndiyo maana ulezi wangu unalala upepo ukija," alisema Nerima, akiwa amesahau kuogopa.

"Ndiyo. Hapa sasa, hudhurungi inayokwenda njano, ndio wenyewe." Alichukua kidonge cha udongo, akakilowesha kwa mate, akakisaga kati ya vidole, kisha bila haya akaweka kidogo kwenye meno. "Mchanga ungekwaruza. Mfinyanzi ungenata. Huu unateleza kama unga. Unakunywa maji na kuyatunza muda mrefu, ukame unakukuta bado unakula. Ubaya wake, unabebeka. Mvua ikiukuta wazi kwenye mteremko unaondoka wote, na juu unajifunga ngozi."

"Hiyo ngozi naijua. Naichana."

"Unaichana?"

"Kwa miiba."

Joan alicheka, akaandika. Kisha akainama zaidi. "Na huku chini, kijivu chenye madoa mekundu kama kutu ya mabati. Maji husimama hapa masika, yakiondoka hewa inaingia, inaacha madoa. Hapa sasa ni mfinyanzi. Mzuri kweli, unavutika." Akauviringisha, ukawa kamba ndefu isiyokatika.

"Mzuri kwa nini?" sauti iliuliza kutoka juu. Ochwo alikuwa amefika, mikono nyuma.

Na Joan, kwa sababu alilelewa kusema kweli, akajibu, "Kwa vyungu, mzee. Hata kwa matofali."

"Umesikia, Mama Sandra?" alisema Ochwo. "Mtaalamu amesema!"

"Lakini mzee, kuufikia lazima uondoe huu wote wa juu, na ukiondoka hauru..."

Ochwo alikuwa ameshageuka kwenda kumtumia Ekwaro ujumbe. Elimu ni kitu kizuri, na Ochwo huichukua kwa kipimo kinachomtosha. Nerima alibaki ukingoni akijipongeza: alikuwa ameita mtu kutoka Tororo, akamlisha chai, ili aje kumthibitishia shemeji yake kwamba mali iko chini ya miguu yao.

Halafu Joan akasema shimo litabaki wazi mpaka kesho, mwenzake aje na makopo ya kuchukulia vipande vya udongo.

"Libaki wazi usiku?"

"Tutazungushia miiba, ng'ombe wasitumbukie."

"Mimi siogopi ng'ombe," alisema Nerima.

Hakumweleza zaidi, kwa sababu angemwelezaje? Hapo Mulanda na kwao Bulumbi jambo hili ni moja: shimo la namna hiyo likishafunguliwa nyumbani kwa mtu, halifungwi tupu. Linasubiri. Na Nerima alijua vizuri nani hutajwa kwanza mama mwenye wasiwasi anapofikiria nani anasubiriwa. Alimpigia Sandra simu mara nyingi jioni hiyo hata binti akauliza kama amegombana na baba.

Asubuhi, kabla hajawasha moto, alisikia kilio kinapanda kutoka njiani.

Walikuwa wanawake wa kijiji, kanga zimefungwa viunoni, kuni vichwani, unga wa muhogo kwenye mabakuli, na kuku wawili watatu wananing'inia kichwa chini wakishangaa dunia. Walikuwa wamepita kijitoni, wakaona shimo na udongo kando. Nani anayehitaji kuambiwa? Mbele yao alikuwa mke wa Olweny, anayelia vizuri kuliko wote na anajua hivyo.

"Uuuwi, Mama Sandra! Ni nani? Ni Oketcho?"

"Oketcho yuko kazini."

"Ni Sandra?"

"Shindwa! Sandra ni mzima!"

"Sasa ni nani?" aliuliza mke wa Olweny, kilio kikiwa kimemkwama katikati, akionekana kukasirika kidogo.

"Hakuna. Ni shimo la udongo. Wanaangalia udongo."

Wanawake walitazamana. Mtu achimbe kaburi aangalie udongo? Walitua kuni. Kuni zikishatuliwa kwenye matanga hazirudishwi nyumbani, hilo nalo linajulikana, wala unga, na kuku wale hatima yao ilikuwa imeshaandikwa. Simu ya Nerima ikalia.

"Mama?" Ilikuwa Sandra, kwa sauti iliyopasuka. "Nani anaongea?"

"Mimi."

"Wamenipigia wamesema kuna kaburi nyumbani. Nikasema ni wewe! Mama, umenitisha!"

Nerima hapaswi kulaumiwa kwamba alisikia raha. Kwa miaka yote hiyo ya kuhofia, ilikuwa mara ya kwanza kuhofiwa. "Mbona unapiga mapema hivi?" alimuuliza.

Oketcho naye alifika na boda boda kutoka Tororo, amebeba sukari aliyopewa dukani kama rambirambi. "Nimesikia nimefiwa," alimnong'oneza mkewe. "Nimefiwa na nani?" Alipoambiwa hakuna, alitazama watu waliojaa uani, akaona ni salama zaidi kuendelea kuhuzunika.

Hapo ndipo mwenyekiti alipowasili. Ochwo alitazama umati, moto, masufuria, na chungu cha pombe ya ulezi ambacho mtu alikuwa ameshakileta na mirija yake. Mtu mwingine angecheka na kuwarudisha watu makwao. Lakini hapa palikuwa na mkusanyiko usio na kiongozi, na moyo wa Ochwo hauwezi kuona hali hiyo ukanyamaza.

"Shimo limefunguliwa," alitangaza. "Halifungwi tupu. Tutazika mgomba."

Watu wakaitikia kwa ahueni kubwa. Ahueni kubwa kuliko zote ilikuwa ya Nerima, aliyekuwa amesimama jikoni na mwiko. Sandra wake amekombolewa. Alikuwa karibu kutoa machozi ya kweli, ndipo macho yake yakamwangukia mke wa Olweny, naye akakumbuka mbuzi.

Aliuweka mwiko chini. Kisha akatoka taratibu, akapiga goti mbele ya shemeji yake kama mke mwenye heshima.

"Mwenyekiti, ningependa kuuliza. Kwa kuwa ni mgomba tu, tuufukie hivi hivi, au tufanye kamili? Na maombi, na kulia, na chakula?"

Ochwo alimtazama kana kwamba amemtukania marehemu, ingawa hapakuwa na marehemu. "Hivi hivi? Sisi ni watu gani? Kamili, Mama Sandra! Kila kitu kamili!"

"Nimesikia, mwenyekiti. Wewe ndiye unajua."

Basi ilifanywa kamili. Joan alifika na mwenzake mwenye makopo, ambaye alichukua vipande vyake haraka haraka mbele ya waombolezaji walioinamisha vichwa, wakidhani ni sehemu ya ibada. Mgomba ulikatwa, ukafungwa shuka. Mke wa Olweny alitoa kile kilio kilichokuwa kimemkwama asubuhi, na wote walikiri kwamba kungoja kumekinogesha. Ochwo alihutubia juu ya ufupi wa maisha, kwa urefu.

Vijana waliposhika makoleo, Joan alipiga kelele: "Ngojeni! Wa kijivu kwanza! Kisha wa njano! Mweusi uwe wa mwisho, msiuchanganye!"

Watu walimgeukia mwenyekiti. Ochwo hakuwa amewahi kusikia kanuni hiyo, lakini hakutaka ijulikane. "Fanyeni kama ilivyo desturi," alisema kwa uzito. "Wa kijivu kwanza." Hivyo udongo ulirudi ulivyotoka, mfinyanzi chini, unga wa njano juu yake, na ule mweusi, chakula chenyewe, ukalazwa juu kabisa na kupigwa mgongo wa koleo mpaka ukawa tuta zuri la kaburi. Kuku waliliwa. Maini yao, madogo kama yalivyo, yalifika kwa mwenyekiti.

Ukame uliposhika, Ekwaro alikuja na vijana, majembe na vibao. Nerima alimkuta amesimama katikati ya shamba la chini, kofia mkononi.

"Mama, huyu ni nani?"

"Muulize mwenyekiti, anakuja."

Ochwo alikuja akitabasamu. "Anzeni, anzeni! Hiyo isiwasumbue, ni mgomba tu."

"Mlilia?" aliuliza Ekwaro.

"Kidogo."

"Mliomba?"

"Kwa adabu tu."

"Mlikula?"

Ochwo aligeuka kutazama njia. Kwenye ukingo wa njia, Olweny alikuwa amesimama na jembe lake begani, amesikia kila neno, na alikuwa na sura ya mtu anayemkumbuka mbuzi wake kwa jina.

"Mimi sichimbi karibu na mtu," alisema Ekwaro. "Matofali ya kaburini yanapasukia kwenye tanuri, halafu yanakufuata nyumbani." Akavaa kofia.

"Ekwaro, ndugu yangu, nakwambia ni mgomba!"

"Mwenyekiti," alisema Olweny kutoka njiani, kwa upole mkubwa, "mgomba uliozikwa kwa machozi na kwa chakula ni nini?"

Ochwo alilitazama tuta. Angeweza kusema pale ni mgomba tu, Ekwaro achimbe, lakini basi angelazimika kurudisha mbuzi, na kila kaburi la namna hiyo Mulanda lingekuwa shamba la karanga, na yeye angekuwa mwenyekiti wa nini? Vijana wa Ekwaro waliokota vibao vyao.

"Sasa nyumba yangu?" aliuliza mwishowe, kana kwamba anamuuliza kijito.

"Pole, shemeji," alisema Nerima. Na alimaanisha, kidogo.

Oketcho alipoambiwa kwa simu alikubali kabisa kwamba jambo limekwisha vizuri. Muda mfupi kabla alikuwa amemkubalia kaka yake, kwa huzuni, kwamba limekwisha vibaya.

Mvua ziliporudi Nerima alilima kwa jembe la meno, akilizamisha zaidi ya ilivyokuwa kawaida, mpaka liliposikika linavunja lile tabaka gumu. Alipanda ufuta mpaka karibu na tuta, akaacha nafasi ya heshima. Mvua kubwa ya kwanza ilipopita alishuka na tawi la miiba, akalizunguka kaburi taratibu, akichana. Ochwo alikuwa akipita njiani, mikono nyuma.

"Umeamkaje, Mama Sandra?"

"Salama, mwenyekiti. Ila marehemu wako ameota magugu. Sijui ni desturi yang'olewe na nani?"

Ochwo alisimama. Mke wa Olweny alikuwa akichota maji pale kijitoni, na alikuwa ameacha kuchota ili asikie. Mwenyekiti alikunja suruali, akaingia shambani, akainama.

"Anzia upande wa kichwa, shemeji," alisema Nerima, kisha akatazama mbinguni, akaona wingu dogo, akaanza kuhofia mvua ya mawe.